Kushona mifuko ya ngozi inayolingana na tandiko la farasi

Mteja mmoja wa upande wa Nanyuki aliniletea tandiko lake la farasi, la ngozi ya kahawia iliyotumika miaka mingi na kupakwa mafuta kwa mapenzi. Alitaka mifuko miwili ya kubebea maji, chakula na koti la mvua akienda safari za siku nzima. "Fundi, nataka mtu akiiona aseme imetoka karakana moja na tandiko," akaniambia. Nilihangaika na rangi siku mbili, nikaipata. Nikashona, nikaifunga mahali pake, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama, na moyo ukaniuma. Rangi ilikuwa ileile, lakini mifuko ilikuwa migeni kabisa pale. Uzi wa tandiko ulikuwa mwembamba, wa rangi ya maziwa. Wangu ulikuwa mnene na mweusi. Kingo za tandiko zilikuwa zimesuguliwa hadi zikawa laini za mviringo. Zangu zilikuwa na pembe kali. Bizimu zake zilikuwa za shaba iliyofifia. Zangu ziliwaka kama vijiko vipya. Nilifumua kila kitu.

Tangu siku ile sianzi na rangi. Naanza na farasi, halafu uzi, kingo na vyuma. Rangi huja mwisho, na mara nyingi ndiyo inayonisumbua kidogo kuliko yote. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Nazungumzia jozi ya mifuko inayokaa nyuma ya mpandaji, kwa tandiko la safari. Aliyewaona punda wa Lamu na shogi zao za majani yaliyosukwa atalitambua wazo lenyewe mara moja: mzigo unagawanywa pande mbili, na katikati kuna kiungo kinachopita juu ya mgongo wa mnyama. Tofauti ni kwamba punda wa shogi habebi mtu pamoja na mzigo ule. Farasi wako tayari amekubeba wewe, na mifuko inaongezwa juu ya hapo.

Mpime farasi akiwa na tandiko mgongoni

Mfunge farasi tandiko lake pamoja na blanketi la chini, kaza mshipi wa tumbo kama unavyokaza siku ya safari, kisha pitisha vidole ubavuni ukielekea nyuma. Kwa kawaida farasi ana jozi 18 za mbavu. Utafika kwenye ubavu wa mwisho, na baada ya hapo vidole vitazama kwenye nyama. Weka alama ya chaki. Kuanzia hapo kwenda nyuma ni kiuno, sehemu ya mgongo isiyo na mbavu za kuisaidia, na ndipo mifuko ya nyuma inapopenda kulalia. Kwa hiyo mifuko isogezwe mbele kadiri inavyowezekana, ikaribie tandiko, na iwe myepesi. Mimi nimejiwekea mpaka wa kilo 4 kila upande, na mteja anayetaka zaidi namshauri atafute mnyama wa pili wa mizigo.

Chukua vipimo vinne. Cha kwanza ni umbali kati ya pete mbili zilizo nyuma ya tandiko, zile za umbo la D. Cha pili ni urefu wa kupita juu ya mgongo, kutoka pale unapotaka mdomo wa mfuko wa kushoto uwe hadi mdomo wa mfuko wa kulia. Tumia tepu ya fundi cherehani, inayojipinda na umbo la mgongo. Cha tatu ni kimo cha mfuko kwenda chini. Hapa mwombe mtu amtembeze farasi taratibu huku wewe unatazama mguu wa nyuma unavyokuja mbele: goti lake lisifike kwenye mfuko hata akipanda kilima. Cha nne ni umbali kutoka ukingo wa nyuma wa tandiko hadi mwisho wa blanketi. Mfuko wote ulale juu ya blanketi. Ikiwa blanketi ni fupi, badilisha blanketi kwanza, maana ngozi ikisugua manyoya yenye jasho kwa saa sita italeta kidonda.

Zikague na pete zenyewe. Kwenye matandiko mengi ya mtindo wa Kiingereza, pete ndogo za nyuma zimeshikwa na kijipande cha ngozi tu, na ziliwekwa kwa vitu vyepesi. Zivute kwa mkono kwa nguvu. Zikicheza, mpeleke mwenye tandiko kwa fundi azifunge upya kwenye mbao za ndani kabla hujakata chochote. Jeshi la Marekani lilikuwa na jibu lake: tandiko la McClellan, lililopitishwa mwaka 1859, lilikuwa na kifungo cha shaba kwenye ukingo wa nyuma, na kiungo cha mifuko kilikuwa na tundu la kukivaa kifungo hicho. Mifuko ikawa haiendi mbele wala nyuma.

Kwa farasi wa kimo cha kawaida, kila mfuko wangu hutoka na upana wa sm 26, kimo sm 26 na kina sm 9. Usikubali kina kizidi hapo. Mfuko mnene hujitokeza nje, hupigapiga kila farasi akikimbia, na hunasa kwenye vichaka.

Lisome tandiko kabla ya kununua chochote

Kaa na tandiko nusu saa mahali penye mwanga wa mchana. Weka rula juu ya mshono ulionyooka, hesabu mishono ndani ya sm 5. Ikiwa ni 12 au 13, nafasi kati ya tundu na tundu ni mm 4. Ikiwa ni 10, nafasi ni mm 5. Andika. Pima mshono uko mbali kiasi gani na ukingo wa ngozi: mm 3, 4 au 5. Andika. Tazama rangi ya uzi mahali ambapo mguu wa mpandaji hausugui, kwa sababu uzi mweupe wa miaka kumi huwa wa rangi ya chai, na hiyo ya chai ndiyo unayoitafuta.

Kisha kingo. Je, zimepakwa rangi nyeusi, zimeachwa na rangi ya ngozi, au zimekolezwa kahawia iliyoiva kuliko uso wenyewe? Ni za mviringo au zimekatwa wima? Kuna mstari mwembamba uliokandamizwa sambamba na ukingo? Mstari huo mdogo watu hawautaji, lakini ukikosekana jicho linahisi kitu kimepungua.

Ikiwa tandiko lina nakshi zilizogongwa, weka karatasi nyembamba juu yake na uisugue kwa ubavu wa penseli, kama watoto wanavyofanya na sarafu. Nakshi yote itatokea kwenye karatasi kwa kipimo chake halisi. Usiinakili yote kwenye mfuko. Chukua pambo la pembeni tu, au ua moja, uliweke kwenye kifuniko. Mfuko uliojaa nakshi hushindana na tandiko, na kazi yake ni kulisindikiza.

Mwisho kuna vyuma. Chukua sumaku ndogo. Bizimu ya shaba ya manjano haivutwi na sumaku. Ikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na mvua mbili tatu zitaleta kutu itakayotia ngozi doa. Nenda na sumaku hiyo dukani pia.

Ngozi

Hapa ndipo wanaoanza hupoteza fedha. Ngozi nyingi utakayoonyeshwa madukani imelainishwa kwa kromu. Ni ngozi nzuri ya viatu na pochi, lakini hulegea, haishiki nakshi, na kingo zake hazisuguliki zikang'aa. Unayoitaka ni ile iliyokaushwa kwa maganda ya miti, maana tandiko la kawaida limetengenezwa kwa hiyo. Mti maarufu wa kazi hiyo kwetu ni mwati, ule unaolimwa Njombe. Dawa inayotoka kwenye maganda yake huipa ngozi rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Dondosha tone la maji. Ngozi ya maganda isiyopakwa kitu hulinywa na kuacha duara jeusi linalofifia ikikauka. Ya kromu kwa kawaida hulikataa au hulinywa polepole sana. Tazama pia mkato wake: ya kromu mara nyingi ina mstari wa kijivu au bluu katikati, ya maganda ni kahawia toka uso hadi nyuma. Kama bado una shaka, omba kipande kidogo ukichome nje: jivu la ngozi ya kromu huwa la kijani kijani.

Nairobi, anzia Kariokor, ambako mafundi wa ngozi wamejazana na utasikia habari za nani ana mzigo mzuri wiki hii. Uliza kwa adabu, nunua kitu kidogo, na watakuelekeza.

Hesabu ya ngozi kwa vipimo vyangu inafika kama futi za mraba 8 kwa jozi. Nunua 12. Ngozi za ng'ombe wetu zina alama za kupe, miiba, chapa za moto na visu vya mchinjaji, na lazima uzizunguke unapokata. Unene nautaka hivi: uso, nyuma na kifuniko mm 2.5, ubavu wa mfuko, yaani ule ukanda unaozunguka pande na chini, mm 2, daraja, yaani kile kipande kinachounganisha mifuko miwili, mm 3 hadi 3.5. Mikanda ikatwe kwa urefu wa uti wa mgongo wa ng'ombe, kutoka sehemu ya mgongo au kitako, kwa sababu ngozi ya huko hainyooki ovyo. Ngozi ya tumbo hulegea kama mpira; itumie kwa vitanzi vya ndani na majaribio ya rangi tu.

Mifuko mitupu ya aina hii, pamoja na bizimu, inakaribia kilo 2. Ikumbuke namba hiyo utakapopanga mzigo.

Kadibodi kwanza

Kata vipande vyote kwa kadibodi. Kwa kila mfuko: uso mmoja wa sm 26 kwa 26, nyuma moja ya kipimo hicho hicho, kifuniko cha upana wa sm 26 na urefu wa sm 25, na ubavu wa upana wa sm 11 na urefu wa sm 78. Kifuniko kina sm 2 za kushonea nyuma, sm 9 za kuvuka mdomo na sm 14 za kushuka mbele. Ubavu una sm 9 za kina na sm 1 ya kukunja kila upande. Urefu halisi wa mshono unaozunguka ni kama sm 73. Zilizobaki utazikata baadaye. Pembe mbili za chini za uso na nyuma zizungushwe kwa kitu cha duara chenye kipenyo cha sm 8, kopo la maziwa ya unga linatosha. Pembe kali haitakubali ubavu upinde.

Daraja ndilo linalotofautiana kutoka tandiko hadi tandiko. Upande wake wa mbele ufuate mkunjo wa ukingo wa nyuma wa tandiko, ukiacha nafasi ya kidole kimoja. Bandika vipande kwa gamu tepu, tia mchanga kilo 2 kwenye kila mfuko wa kadibodi, uweke juu ya farasi. Mzungushe. Tazama kwa nyuma: je, midomo ya mifuko iko sawa? Kadibodi inayoning'inia upande mmoja leo itakuwa ngozi inayoning'inia upande mmoja kesho, na hiyo hairekebishiki.

Kukata na kupiga nakshi

Kata kwa kisu kilichonolewa sasa hivi, kwa mkato mmoja mrefu, kisu kikiwa wima. Kisu butu kikivutwa mara tatu huacha ukingo wenye ngazi, na ngazi hizo utazisugua jioni nzima.

Kwa nakshi na mistari ya pembeni, lowanisha uso wa ngozi kwa sponji yenye maji safi, ngoja hadi rangi ianze kurudi kuwa nyepesi lakini ngozi bado ni baridi ukiigusa kwa shavu. Wakati huo ndio inapokea alama na kuishika. Ikiwa mbichi sana, alama hufutika. Ikiwa kavu, nyundo huikata.

Meza iwe safi, na hasa pasiwe na chembe za chuma. Siku moja nilinoa kisu kwa tupa kwenye meza ileile niliyoweka vifuniko vibichi. Asubuhi nilikuta vidoa vidogo vyeusi vya bluu vimetapakaa kama pilipili manga. Chuma kikikutana na maji na dawa ya maganda hutoa weusi, ni kemia ileile ya wino wa zamani. Maji ya limau yalifuta vidoa vya juu; vile vilivyozama vilikaa, na kifuniko kimoja nilikikata upya. Lakini ujuzi huohuo ni hazina kama tandiko ni jeusi: loweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria kwenye siki nyeupe kwa siku kadhaa, kopo likiwa limefunikwa bila kukazwa ili hewa itoke, chuja, upake. Ngozi hugeuka nyeusi mbele ya macho yako, weusi usioacha rangi kwenye suruali. Kisha ipanguse kwa maji yenye magadi soda kidogo ili kuua ukali wa siki, na uipake mafuta ikikauka.

Rangi ya kahawia

Safisha tandiko kwanza kwa sabuni ya ngozi. Unalinganisha na ngozi, hulinganishi na vumbi. Halafu inua bawa la tandiko, kile kipande cha ngozi kinachoning'inia chini ya mguu wa mpandaji, utazame chini yake. Utaona rangi ya asili, ile ambayo jua halikuifikia. Sasa una rangi mbili, ya juu iliyoiva na ya chini changa, na lazima uamue.

Ushauri wangu ni huu: lenga ya juu, lakini ishia hatua moja kabla ya kuifikia. Ngozi mpya ya maganda huiva kwa jua, mafuta na mikono. Ukiifananisha kikamilifu leo, baada ya miezi sita itakuwa imelipita tandiko kwa weusi. Ukiiacha nyepesi kidogo, itakutana nalo njiani.

Jaribu kwenye vipande vilivyobaki kutoka ngozi ileile, kwa sababu ngozi mbili tofauti hunywa rangi tofauti. Zimua rangi ya spiriti kwa spiriti, sehemu 1 ya rangi kwa 4 za spiriti kwanza, upake tabaka nyembamba mbili au tatu kwa kitambaa, kwa miduara. Usihukumu ikiwa mbichi. Ngoja ikauke, paka mafuta, ngoja usiku mzima, ndipo uitoe nje mchana uiweke juu ya tandiko. Taa ya umeme ya karakanani imeshanidanganya mara nyingi. Kwenye kila kipande andika nyuma umepaka nini na mara ngapi. Na mara nyingi utagundua kwamba mafuta na siku tatu za jua la asubuhi peke yake vinatosha, hakuna haja ya rangi kabisa.

Vipande vyote vya jozi vipakwe siku moja, kutoka kopo moja.

Kushona

Vitu vidogo vishonwe kabla mfuko haujafungwa: bizimu kwenye uso, vitanzi, mikanda kwenye kifuniko. Mikanda yangu ina upana wa sm 2. Pale mkanda unapokunjwa kuzunguka bizimu, chonga nyuma ya ngozi hadi unene ubaki nusu, la sivyo pindo litakaa kama uvimbe. Upande wa nyuma unaomgusa farasi usiwe na kichwa cha ribiti, fundo wala bizimu hata moja. Uso laini wa ngozi ndio utazame farasi. Ule upande wa nyama, wenye nyuzinyuzi, hunywa jasho na kukauka ngumu.

Pindisha kingo za ubavu zikiwa zimeloweshwa, sm 1 kila upande, zibane kwa vibanio hadi zikauke. Mishono yetu itakaa nje, ikionekana. Ngozi ya unene huu ukiishona ndani nje kisha uigeuze itavunjika uso.

Sasa tia alama katikati ya uso, chini, na katikati ya ubavu. Anza pale katikati, toboa ukielekea kulia hadi mdomoni, rudi katikati, toboa ukielekea kushoto. Kwa nafasi ya mm 4 utapata matundu kama 183 kwa kila mzunguko, na mizunguko ni minne, kwa hiyo zaidi ya matundu 700. Hesabu ya uso na ya ubavu lazima zilingane. Anayeanzia mdomoni upande mmoja hujikuta amefika upande wa pili na ubavu umepinda, mfuko mzima umejikunja kama umekamuliwa.

Mshono wenyewe ni wa sindano mbili na uzi mmoja. Kata uzi wa nta wa mm 0.8, mara tatu na nusu ya urefu wa mshono; kwa nusu mzunguko ni kama mita 1.3, ongeza kidogo ufike 1.5. Tia sindano butu kila ncha. Ngozi ishikwe kwa kibanio cha mbao kati ya magoti. Msharasi, kile chuma chenye ncha cha kutobolea, unafungua tundu kwa mshazari, sindano ya kushoto inapita kwanza, unavuta hadi uzi ulingane pande zote, kisha sindano ya kulia inaingia tundu lilelile, kila mara ikiwa upande uleule wa uzi wa kwanza. Vuta mikono yote miwili kwa pamoja, kwa nguvu ileile. Ukibadilisha mpangilio hata mara moja, mshono huo utalala tofauti na wenzake na utauona kila ukitazama. Msharasi usitoboe uzi uliokwisha pita. Ukihisi ugumu usio wa ngozi, rudisha.

Faida yake haionekani siku ya kwanza. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zilizonasana. Moja ikikatika, unafumuka. Huu wa mkono, uzi mmoja umepita kila tundu mara mbili, kwa hiyo mshono mmoja ukikatwa na mwiba, jirani zake wanabaki wameshika. Ukifika mwisho rudi nyuma matundu matatu, kata, gongagonga mshono wote kwa nyundo laini ulale.

Shona uso kwenye ubavu kwanza, halafu nyuma. Pembeni pa kona vuta ubavu taratibu kwa vidole, ukiwa na unyevu kidogo. Kifuniko na nyuma hushonwa pamoja kwenye daraja kwa mistari miwili, na kila mwisho wa mstari tia ribiti moja ya shaba, kichwa chake kikiwa kimefunikwa na kipande cha ngozi upande wa chini.

Ikiwa tandiko lina ngozi pana nyuma ya kiti, kama yale ya mtindo wa Kimarekani, daraja litalala juu yake na kazi imeisha. Ikiwa halina, daraja lingegusa uti wa mgongo. Hapo shona chini yake vipande viwili vinene vya blanketi zito la sufu, kimoja kila upande, ukiacha katikati njia ya sm 8 iliyo wazi. Weka mkono hapo farasi akiwa amefungwa kila kitu: vidole vipite chini ya daraja bila kubanwa.

Kingo, mafuta, na kufunga

Punguza pembe za kingo kwa kisu cha kupunguzia au kioo, piga msasa mwembamba, lowanisha kidogo, kisha sugua kwa kipande cha mti mgumu au kitambaa cha turubai hadi ziote joto na kung'aa. Rudia. Kama kingo za tandiko ni nyeusi, rangi hiyo inapakwa kabla ya kusugua. Mimi hutumia muda mwingi hapa kuliko kwenye kukata, na sijutii.

Mafuta ya mifupa ya miguu ya ng'ombe ndiyo bora kwa ndani ya ngozi, tabaka nyembamba mbili zenye siku moja katikati. Juu yake nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo. Usiloweshe ngozi kwa mafuta. Mfuko uliojaa mafuta hulegea na kuchafua nguo. Ndani tia mfuko wa turubai unaotoka, ufuliwe peke yake chupa ya maji ikivuja au embe likipondeka.

Funga kwa mikanda miwili mifupi kwenye pete za nyuma, na mkanda mmoja kutoka chini ya kila mfuko kwenda mbele kwenye mshipi wa tumbo. Huo wa chini ndio unaozuia kupigapiga, na ndio ambao watu huusahau. Usikazwe: kidole kimoja kipite.

Safari ya kwanza iwe ya saa moja, mwendo wa kutembea kisha mwendo wa mbio fupi, mifuko ikiwa na mchanga uliopimwa kwa mizani, sawa kwa sawa. Ukirudi, ondoa tandiko mara moja utazame blanketi na manyoya. Jasho liwe limeenea sawasawa. Mahali pakavu katikati ya jasho, au manyoya yaliyosukwa kwenda upande usio wake, ni mahali panapobanwa. Rudi kwenye daraja uongeze sufu au usogeze pete. Baada ya wiki mbili mikanda itakuwa imenyooka kidogo, na hapo ndipo utoboe tundu moja zaidi kwenye kila mkanda, sm 2.5 kutoka lile la mwisho.